Maji Yasiyokumbuka Lutuku

Uani kwa mama Victorine, huko Ruashi, asubuhi husikii tena ukucha ukigonga kioo: ko, ko, ko. Alikuwa akigonga ili matone yaliyong'ang'ania yateremke, na majirani waliamkia sauti hiyo. Sasa kimya. Mtu anajikuta ametega sikio bure.

Kisima kilichimbwa na marehemu mumewe, mtu wa reli. Maji yake yalipogeuka kuwa ya chumvi, chai ilikataa sukari, na wajukuu wakakataa chai. Mwanawe Casimir akapata mnunuzi wa kiwanja, aliyeahidi kurudi.

"Mama, hii maji iko chumvi. Tuuzishe, tuende."

"Weye enda. Miye, baba yako aliniacha hapa."

"Basi, mpaka ule bwana arudie. Kisha tunahama."

Zamani Victorine alipika lutuku, ile pombe kali ya mahindi, akaiacha kwa kiapo mbele ya wanawake wenzake wa parokia. Vilibaki pipa na mrija wa shaba. Akavitoa, akachemsha maji ya kisima. Mvuke ukapita mrijani, ukapoa, ukawa maji. Moshi ulipoonekana, mama Edith, kiongozi wa wanawake wale, akaingia bila hodi. Akaonja.

"Chumvi haiko, mama Victorine. Lakini hii maji inakumbuka mambo."

Wakacheka, ila neno lilimchoma. Mrija ulikuwa umelewa miaka mingi, hauoshiki tena. Makaa nayo yaliisha kabla ndoo haijajaa.

Akaligeukia jua. Aliunda sanduku la bati, akalipaka rangi nyeusi ndani, akamimina maji ya kisima, akafunika kwa kioo cha dirisha. Kioo alikilaza. Matone yakakusanyika juu, yakadondokea chumvini yalikotoka. Alikaa akiyatazama hadi jua likapoa. Ndipo akakumbuka: hakuna mpika lutuku anayelaza mrija, huuinamisha, tone lijue njia. Akakiinamisha kioo, ukingoni akaweka mfereji mwembamba.

Edith alionja tena, polepole.

"Hii haikumbuki kitu," akasema, akaomba naye atengenezewe sanduku.

Mnunuzi aliporudi, Casimir alimlaki langoni, bado ameshika kikombe cha maji ya sanduku alichopewa na mama yake.

"Baba, utusamehe. Hatuuzishe tena."

Siku hizi Victorine yuko Sakania, anamwundia sanduku dada yake mkubwa, ambaye kisima chake nacho kimeingia chumvi.