Miguu ya Kuazima

Mama yangu alifanya kazi katika maabara ya hospitali, akichunguza vyoo vya watu kwa hadubini. Ukimcheka hukosi jibu: "Cheka tu, mwanangu. Iko siku utaniletea chako kwenye kikopo."

Kipenzi chake kilikuwa amiba. Kiumbe cha chembe moja, hakina mguu wala mdomo, na bado kinatembea na kinakula. Kikitaka kwenda, husukuma sehemu ya mwili wake mbele, taratibu kama uji uliomwagika mezani, kisha mwili uliobaki humiminikia humo humo. Kikikuta chakula, hukizingira pande zote mpaka chakula kijikute ndani. Halafu ule mguu hurudi mwilini, usiuone tena.

"Miguu ya kuazima," Mama alisema, "ila huyu anajiazima mwenyewe."

Choo kikipoa, amiba hujikunja kama punje, tuli. Wenye haraka huandika hakuna kitu. Mama alikilaza kioo chenye sampuli juu ya kiganja chake kipate joto, akaimba puani, akangoja amiba aanze kutembea tena.

Kisha kiharusi kikampiga Baba, fundi cherehani, upande wa kulia. Mkono uliokata suti za mtaa mzima ukalala juu ya shuka. Daktari alisema utarudi kidogo kidogo, mradi asiache kujaribu. Baba aliacha siku ile ile. Shangazi, dada yake, akawa anamlisha kijiko kwa kijiko, naye anafumbua mdomo bila kufumbua macho. Iliniuma sana kumwona hivyo.

Jumapili moja mchana Mama akamnyang'anya shangazi kijiko.

"Wifi! Unataka kumuua kaka yangu kwa njaa?"

"Hafi. Amejikunja tu. Amepoa."

Akakata ndizi vipande, akaviweka kwenye kisahani pale kitandani. Akaufunika ule mkono kwa kiganja chake. Shangazi akasonya, akaenda jikoni kugombana na masufuria. Pazia lilijaa upepo, likanywea, likajaa tena, na chumba kizima kikawa kama kinapumua usingizini. Mama alikuwa ametoka zamu. Akasinzia pale pale, kichwa ukingoni mwa kitanda, mkono wake ukateleza hadi ng'ambo ya kisahani.

Nilidhani naota. Kidole cha shahada cha Baba kilisogea mbele, kikatulia. Kiganja kikakifuata. Kidole kikatoka tena, shuka ikajikunja nyuma yake. Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa asije akarudi ndani. Mkono ukafika kwenye kisahani, ukakizunguka, ukapita. Ukaufikia mkono wa Mama, na vidole vikauzingira kimoja kimoja mpaka vikaufumbata.

Mama akafumbua macho. Akautazama mkono, akamtazama mumewe, machozi yakamtoka.

"Fundi," akasema, "ndizi umeipita."

"Najua," akajibu Baba, kwa mdomo wake uliopinda.