Inchi Mbili Kiunoni

Mimi ni fundi cherehani, na magauni ya harusi nimeyashona miaka thelathini na moja. Kila gauni huwa naacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa kiuno, inchi mbili, bila kumwambia mwenyewe. Bibi harusi anapimwa leo, harusi mwezi ujao, na hapo katikati tumbo huwa na mambo yake. Kinga ni bora kuliko tiba. Hakuna aliyewahi kulalamika, na wapo walionishukuru kwa macho tu.

Mwaka huu ikawa zamu ya binti wa kaka yangu. Tunamwita Mawingu. Ana miaka ishirini na minne, anashona na mimi hapa dukani, na ukimwambia atie uzi kwenye sindano utamkuta nusu saa baadaye anatazama dirishani, uzi mkono huu, sindano mkono ule. Mwanga wa asubuhi unapita kwenye vitambaa vilivyotundikwa, ukuta mzima unakuwa wa waridi, naye yuko mbali huko. Ukimsemesha anakujibu swali la jana.

Mchumba wake ni seremala, kijana mtaratibu, maneno kwake ni ya kubahatisha. Wiki mbili baada ya harusi Mawingu alikuwa aanze chuo cha ubunifu wa mavazi, miaka miwili. Mama yake, wifi yangu, naye zamani alipata nafasi ya chuo. Aliolewa mwezi wa nne, mwezi wa tano akaanza kutapika. Daftari alizonunua bado zimo kwenye sanduku chini ya kitanda, hazina hata mstari mmoja. Ukoo mzima tunalijua lile sanduku na hatulitaji.

Siku ya kujaribu gauni, Mawingu aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa kiuno.

"Shangazi, hizi inchi mbili za nini?"

"Mazoea tu, mwanangu."

Akaupapasa mshono. "Mimi sijawahi kulala na mwanamume. Hata na huyu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Fundi mzima, nimempima mtoto wetu kwa dhana.

"Na sitaki nianze halafu ndipo nifikirie," akasema, bado anapapasa ule mshono. "Nataka kwenda zahanati kabla, niulizie uzazi wa mpango. Unisindikize."

Hapo aibu ikageuka hasira, ndivyo nilivyo. Nikamwambia mwanamke anazaa kwanza, mengine yanafuata. Nikamwambia mume akisikia atajiuliza ameoa nani. Aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, "Si wewe unayesema kila siku kinga ni bora kuliko tiba?" Akarudi kwenye dirisha lake.

Siku nzima nilishona vibaya. Maneno yale niliyomwambia hayakuwa yangu. Niliambiwa mimi nikiwa na umri wake, nikazaa watano nikiwa natafuta pumzi katikati. Nawapenda wote. Lakini hakuna aliyeniuliza lini. Jioni nikamwambia, "Kesho vaa viatu vya kutembelea."

Zahanati ilikuwa na benchi refu, kuta za samawati, na feni iliyozunguka pole pole kama nayo imeamka sasa hivi. Tukiwa tunangoja nikamuuliza kama seremala anajua.

"Nilimwandikia ujumbe juzi. Nikamwambia siku na mahali." Akatazama simu. "Ameusoma. Hajajibu."

Basi, nikajua harusi imevunjika. Nikajiona nalifumua lile gauni zima.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani puani. Alipanga vitu mezani: vidonge vya kumeza kila siku saa ile ile, sindano ya kila miezi mitatu, kitanzi cha kuwekwa kwenye kizazi, kijiti cha chini ya ngozi ya mkono, na kondomu. Mawingu alishika kimoja kimoja kwa vidole viwili, vile vile anavyopima uzito wa hariri. Akauliza maswali, maswali ya maana, yule ambaye kwangu husahau mkasi ameuweka wapi. Kijiti kinakaa miaka mitatu au zaidi. Hedhi inaweza kuvurugika. Kikitolewa, mimba inaweza kuingia mapema tu. Na kuzuia magonjwa ni kondomu pekee, kwa hiyo wenzi wapime wote wawili.

Nilimwonea wivu. Nasema ukweli, wivu wa kweli, kwa ile meza.

"Hiki," akasema, na kushika kijiti. "Lakini mwenzangu..."

Mlango ukagongwa. Seremala akaingiza kichwa, vumbi la mbao kwenye nyusi, jasho shingoni. Alikuwa amekosea mahali, akaanzia zahanati nyingine ya mtaa wa pili na kukaa benchi la watu wasiomjua.

"Shikamoo Shangazi. Shikamoo mama." Akamgeukia Mawingu. "Sikujua niandike nini. Nikaona nije."

Muuguzi akamsogezea kiti. Akaketi na kukitazama kile kijiti kwa muda, kisha akauliza kama kitauma, na kama yeye anaweza kupimwa leo leo. Mawingu akacheka huku anafuta machozi.

Tuliporudi dukani, yeye na bandeji yake mkononi, nilishusha gauni, nikaufumua mshono wa kiuno na kuchukua mkasi nizikate zile inchi mbili. Nilitaka kumwomba radhi kwa namna ninayoijua.

Akanishika mkono.

"Ziache, Shangazi. Iko siku nitazitaka," akasema. "Nitakuja kukuambia mwenyewe."

Nikarudisha mkasi mezani, nikaushona ule mshono upya.