Benchi la Alhamisi

Mimi ni fundi cherehani. Kwetu ni Lupembe, kwenye chai, lakini maisha yangu ya utu uzima yote yamekuwa Makambako. Ninyi mliochaguliwa juzi kwenye kamati za zahanati mmeniomba nieleze nilivyougua, nilivyopona, na nilivyojikuta nimeingia kwenye kamati mimi mwenyewe. Nitaeleza. Mkiona nasita mnivumilie, maana hadi leo bado sijazoea kuyasema haya mbele za watu.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa na mitumba imeanza kumiminika. Marobota yalishushwa pale Makambako kila wiki, na kushona nguo mpya kukapungua. Watu waliniletea suruali za Wazungu wanene nizibane kiuno. Nilikaa kwenye baraza la duka la Mzee Salumu, mfanyabiashara aliyetoka Kondoa. Aliniruhusu kuweka cherehani yangu pale, na jioni aliihifadhi ndani ya duka. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mume wangu, Baba Festo, alikuwa mpakiaji wa mbao. Tulikuwa na watoto wawili. Nilikuwa na nguvu zangu na nilipenda kuimba huku nikikanyaga cherehani.

Ugonjwa ulianza na baka moja kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Lilikuwa na wekundu kidogo. Haliwashi, haliumi. Baba Festo akasema, "Baridi hiyo. Paka mafuta." Nikapaka. Halikuondoka. Nikaenda duka la dawa, maana maduka hayo nayo yalikuwa yamefunguliwa kila kona. Muuzaji hakunyanyua hata uso. "Fangasi hao, mama. Chukua hii." Nikapaka tyubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baka likapanuka, yakatokea mengine mgongoni, begani, na moja shavuni. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikaanza kufa ganzi. Nikajiambia ni kazi nyingi.

Siku moja nilikuwa nabana suruali, mteja amesimama mbele yangu anasubiri. Ghafla akapiga kelele, "Mama Festo, damu!" Nikatazama chini. Sindano ya cherehani ilikuwa imepita kwenye kidole changu na kutokea upande wa pili, na mguu wangu bado unakanyaga. Sikuwa nimesikia chochote. Mteja alidhani nimejikaza. Nilicheka ili aondoke, nikakifunga kidole kwa kipande cha kitambaa.

Nilipofika nyumbani nilijifungia chumbani nikaanza kujifinya. Nilifinya mkono wa kulia, ukauma. Nikafinya kwenye baka, nikaona ngozi inavyovutwa, lakini ilikuwa kama ya mtu mwingine. Sikumwambia mume wangu. Nilikaa na jambo hilo karibu mwezi mzima. Chakula hakipiti, usingizi hauji, na kila mtu aliyenitazama shavuni niliona ameshajua.

Mwishoni nikaenda kituo cha afya, sitakitaja jina. Daktari alichukua kipande cha pamba akakisokota ncha. "Fumba macho," akasema. "Kila nikikugusa, onyesha kwa kidole." Nikafumba. Nikaguswa mgongo wa mkono, nikaonyesha. Kisha kimya. Nikawa nasubiri aendelee. Nilipofungua macho alikuwa ananitazama kwa huruma.

"Nimekugusa mara nne, mama. Umeonyesha mara moja." Akaweka pamba mezani. "Huu ni ukoma. Unatibika."

Ninyi mnasikia maneno mawili. Mimi nililisikia lile la kwanza tu.

Baba Festo nilimwambia. Alichukua koti lake akaenda kwa kaka yake. Siku nne hakurudi. Siku ya tano akaingia, akakaa mezani, akavuta sahani niliyokuwa nalia chakula, akamega tonge. "Nimekwenda kumuuliza daktari mwenyewe," akasema. "Amesema ukishaanza dawa huambukizi mtu. Kama ni kuambukizwa, miaka yote hii tunalala kitanda kimoja. Kula, chakula kinapoa." Nilimshukuru siku ile na namshukuru leo.

Dawa zilikuwa za miaka miwili. Kila mwezi unapewa kadi ya vidonge: vingine unavimeza palepale mbele ya mhudumu, vilivyobaki unameza nyumbani kila siku. Daktari alinieleza kwamba mkojo utakuwa mwekundu kwa siku moja mbili na ngozi itakuwa nyeusi, nisiogope. Vidonge havikunisumbua. Kilichonisumbua ni Alhamisi.

Sisi wagonjwa wa ukoma tulikuwa na siku yetu, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na tulikuwa na benchi letu nyuma ya jengo, karibu na shimo la kuchomea taka. Kinjia cha kwenda sokoni kilipita hapohapo. Kila aliyekaa kwenye benchi lile alijulikana ana nini. Nilijifunika kitenge hadi machoni. Pembeni yangu alikaa baba mmoja wa Kitandililo, nitamwita Baba Tumaini, mkulima wa mahindi, mkimya sana. Hatukusalimiana. Tulikuwa tunaoneana aibu.

Mwezi wa tano wa dawa, nikiwa nakaribia kituo, nikamwona mke wa Mzee Salumu kwenye kinjia kile amesimama anaongea na mwenzake. Nikasimama nyuma ya ua. Nikawaza: akiniona, jioni Mzee Salumu atajua, na kesho cherehani yangu itakuwa barabarani. Nikasubiri waondoke. Hawakuondoka. Nikarudi nyumbani. Mwezi uliofuata sikujaribu hata kutoka. Baba Festo nilimdanganya kwamba nimepewa dawa.

Kisha mwili ukabadilika. Asubuhi moja niliamka mabaka yote yamevimba, mekundu, yanawaka kama nimemwagiwa maji ya moto. Uso ulivimba jicho moja likakaribia kuziba. Kiwikoni kulikuwa na maumivu ambayo sijawahi kuyasikia hata wakati wa kujifungua. Ndani ya siku mbili, kidole cha mwisho na kinachokifuata vikajikunja, nikivinyoosha vinarudi. Nililia kwa ajili ya vidole kuliko kwa maumivu. Fundi bila vidole ni nani?

Baba Festo aliomba nafasi kwenye lori la mbao, tukaenda hospitalini Njombe. Nililazwa. Walinipa vidonge vya kutuliza mishipa ya fahamu, wakanifunga mkono kwenye kibao, na kila asubuhi, kwenye baridi ile ya Njombe, nilizamisha mkono kwenye beseni la maji ya vuguvugu na kuunyoosha, kidole kimoja kimoja.

Hapo ndipo alipokuja mratibu wa ukoma wa wilaya, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini. Alikuwa na rejista mkononi. Karibu na jina langu palikuwa na neno moja: mtoro.

Nikaanza kuomba radhi. "Ni mimi nimejiletea haya, mama."

"Hapana," akasema. "Mishipa inaweza kuvimba hata kwa anayemeza dawa vizuri. Sitafuti kosa. Nataka kujua Alhamisi ile ulifika wapi, na ulirudia wapi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza yote: benchi, shimo la taka, kitenge, ua. Akaandika. Alipomaliza akasema, "Haya nikiyasema mimi yatakuwa maneno ya ofisini. Njoo uyaseme mwenyewe kwenye kamati ya kituo."

"Siji."

"Sawa. Sikulazimishi." Akafungua rejista tena akanionyesha ukurasa. Neno lile lilikuwepo mbele ya majina mengine, na moja lilikuwa la Baba Tumaini. Nilimkumbuka anavyokaa, mikono katikati ya magoti. Baada ya wiki, vidole vilipoanza kutii kidogo, nikamwambia mama mratibu kwamba nitakuja.

Siku ya kikao nilikwenda chooni mara tatu. Nikaingia. Mwenyekiti, daktari, mtendaji wa kata, wajumbe. Na kwenye kona, kofia yake kichwani, Mzee Salumu. Sikujua kwamba ni mjumbe. Nilitamani niseme nimekosea mlango.

Mama mratibu akanivutia kiti. Nikabaki nimesimama, nikasema kwa Kiswahili changu cha shule ya msingi: "Mimi ni mgonjwa wa ukoma. Nimeacha dawa kwa sababu ya benchi." Nikaeleza. Mjumbe mmoja alisogeza kiti chake. Nilimwona, nikaendelea.

Daktari alikuwa ameumia. "Tuliwatengea siku yao ili wasipange foleni," akasema. "Tulifanya kwa nia njema."

"Najua, daktari," nikajibu. "Wewe ndiye uliyenigundua. Lakini hamkutuuliza."

Mzee Salumu akakohoa, akamgeukia mama mratibu. "Huyu anaambukiza wateja?"

"Akishaanza dawa, haambukizi."

"Basi apewe kwenye dirisha la dawa, siku anayoweza. Mimi dawa yangu ya presha napewa hapo, na hakuna anayejua napewa nini."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda dukani nikiwa nimejiandaa kuibeba cherehani. Nilimkuta Mzee Salumu amekwisha kuitoa ndani na kuiweka barazani. Akasema, "Umechelewa. Kuna mtu wa suruali hapa." Basi. Hakuwahi kulizungumza tena. Siwadanganyi kwamba wote walikuwa hivyo. Wapo waliokuja kuchukua vitambaa vyao havijashonwa, na mmoja alivishika kwa ncha za vidole.

Ilichukua miezi kadhaa benchi kuondolewa, lakini liliondolewa. Tukawa tunachukua dawa dirishani pamoja na watu wote. Nilimaliza kadi zangu zote. Mabaka yalififia. Kidole cha mwisho kimebaki kimepinda hadi leo, ila kazi kinafanya. Na daktari yuleyule ndiye aliyependekeza niingie kwenye kamati.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumfuata Baba Tumaini. Nilitembea hadi Kitandililo nikiwa na hotuba yangu kichwani: kwamba benchi limeondoka, arudi. Nilimkuta nje anapukuchua mahindi, mguu umefungwa tambara, harufu ya kidonda inasikika kabla hujakaa. Msumari wa kiatu ulikuwa umemla unyayo siku nyingi, hakuusikia.

"Kamwene, baba," nikamwamkia. Akaitikia. Nikaanza hotuba yangu, nikaimaliza. Akanitazama kama mtu anayesikiliza habari za kijiji kingine.

"Benchi?" akasema. "Benchi halikunisumbua mimi."

Nilikuwa nimekaa naye benchi moja, ugonjwa mmoja, dawa zilezile, nikadhani namjua. Nikamuuliza, "Ilikuwaje basi, baba?"

Akaacha mahindi. "Nilikojoa damu. Kila nikitoka kumeza zile dawa zenu, nakojoa damu. Nikaona hawa wananimaliza. Nikaacha."

Mimi niliambiwa habari ya mkojo mwekundu. Yeye, hakuna aliyemwambia. Nilimweleza kwamba hata mimi ulikuwa mwekundu hivyohivyo, na nipo. Aliuliza mara mbili kama nasema kweli. Jumatatu tulikwenda kituoni pamoja. Vidole viwili vya mguu alivipoteza, lakini dawa alimaliza.

Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu, mama mratibu, na daktari aliyekubali kusahihishwa mbele za watu. Kama una baka lisilouma wala kuwasha, usikae nalo kama nilivyokaa mimi. Nenda ukaguswe kwa pamba. Ukishaanza dawa usiache, na ukitaka kuacha, mwambie mtu sababu.

Na ninyi wa kamati, mmefanya vizuri kuniita leo. Ila msije mkaniuliza mimi peke yangu mkadhani mmewauliza wagonjwa.