Mluzi Ndani ya Boti ya Kazimia

Utotoni mwangu, kule Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, tulikuwa na miiko ya nchi kavu na miiko ya maji. Ile ya nchi kavu tuliivunja kila siku na hakuna kilichotokea. Ya maji tuliiogopa, na mkubwa kuliko yote ulikuwa mwiko wa kupiga mluzi. Ukipiga mluzi juu ya ziwa, walituambia, unamwita mwenye upepo, na yeye akiitwa hakuulizi kama ulikuwa unacheza.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa siku nilipoupiga.

Tulikuwa tumekwenda Kazimia, kusini mwetu, mimi na koko, mama yake mama yangu, kumzika dada yake. Tulikaa kwenye matanga wiki nzima, na katika wiki hiyo binamu zangu walinifundisha kupiga mluzi nyuma ya nyumba. Ilikuwa kiangazi, miezi ile ambayo upepo wa kusini hulisukuma ziwa lote kuelekea Uvira. Siku ya kurudi tulikuta boti imejaa magunia ya ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, na bamama wa biashara wamekaa juu ya magunia yao.

Koko hakupanda mara moja. Aliweka mzigo wake kwenye mchanga akasimama. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, lakini mawimbi marefu, mazito, yalikuwa yanaingia polepole, moja baada ya jingine, yakivunjika miguuni petu. Koko aliyasikiliza kama mtu anayesikiliza mgonjwa anavyopumua. Kisha akamwita mwenye boti, Papa Asende, ambaye ndiye aliyekuwa akiiendesha mwenyewe.

“Leo tusiende,” alimwambia. “Ziwa iko inapumua na upepo hakuna. Mwenyewe ameamuka kule kusini.”

Papa Asende hakumcheka. Alimjibu kwa heshima kwamba mafuta yalikwisha kutiwa, watu wamekwisha kupanda, na tukiondoka sasa tungefika Baraka kabla ya jua kuzama. Koko aliitazama boti, akanitazama mimi. Nafikiri msiba ulikuwa umemchosha, alitaka kulala kitandani kwake. Tukapanda.

Nyuma yetu alikaa mwanamke ambaye jina lake sikulijua, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Alikuwa ameshuka kwa miguu kutoka Minembwe, kule juu milimani, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusafiri majini. Alimuuliza koko ashike wapi, koko akamwonyesha ubao. Binti yake alikuwa amejifungua katika hospitali ya Baraka, naye alikuwa anampelekea dumu la maziwa, lile tunaloliita bidoni, siagi, na foromaji, jibini ya kwao, iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Tulipoanza safari alikata kipande cha ile foromaji akanipa. Sikuwahi kula kitu kama kile. Nilikitafuna taratibu ili kisiishe.

Labda ilikuwa furaha ya kile kipande, labda ni kelele za injini zilizonifanya nijione niko peke yangu. Nilikunja midomo nikapiga mluzi, mara moja tu, mfupi. Nikamtazama koko. Alikuwa anatazama milima ya Ubwari, ile rasi tunayoizunguka kufika Baraka. Nikajua hakuna aliyesikia.

Upepo ulitukuta tukiwa mbali na ufuko. Kwanza tuliona mstari mweusi juu ya maji upande wa kusini, ukija mbio. Halafu mawimbi yakaanza kutuinua kutoka nyuma. Kila tulipoinuliwa, injini ilitoka majini ikapiga kelele hewani, na kila tuliposhuka, maji yaliingia. Wanaume walikuwa wanayachota kwa vipande vya bidoni. Siku zile hakuna aliyekuwa na jilé ya kuogelea, ile fulana ya kuelea. Koko alinifunga kitenge kiunoni, akaifunga ncha nyingine kiunoni mwake.

Watu walisali, kila mmoja kwa dini yake. Baadaye kusali kukapungua, wakaanza kutazamana. Mama mmoja wa ndagala aliuliza kwa sauti nani amefanya kitu. Nilijifunika midomo kwa mkono. Kabla sijapumua, mwingine aliuliza lile bidoni lina nini, na mtu akajibu kwamba ni maziwa, maziwa ya mlimani, na kwamba ziwa halitaki vitu vya mlimani vilivuke. Mwiko huo sikuwa nimewahi kuusikia, na mpaka leo sijausikia tena popote. Ulizaliwa pale pale, na watu wakaushika kama waliokua nao tangu utotoni.

Yule mwanamke alilikumbatia bidoni lake. Mwanaume mmoja alimnyang'anya, akamwaga maziwa, akatupa bidoni. Wakatupa siagi. Wakatupa foromaji. Upepo haukupungua. Maziwa yaligeuza povu kuwa zito kidogo, kisha sikuyaona tena.

Ndipo yule mwanaume akasema, bila kelele, karibu kwa upole, “Na yeye?”

Hakuna aliyemjibu. Ukimya ule naukumbuka kuliko upepo wenyewe. Kinywani nilikuwa bado na ladha ya foromaji yake. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mkono wa koko ulikuwa umenibana bega mpaka likauma.

Papa Asende hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye mawimbi.

“Muntu asiguswe ndani ya boti yangu,” alisema. “Mutoe maji.”

Wakarudi kuchota maji. Naye akaacha njia ya Baraka, akaielekeza boti kwenye kijighuba cha Ubwari chenye mawe. Tuliingia kwa kishindo, ubao wa mbele ukapasuka, lakini maji yalikuwa ya kiunoni na wote tulitoka hai. Wenyeji walituwashia moto. Yule mwanamke hakuukaribia. Alikamua nguo zake, akamuuliza mtu wa pale njia ya kwenda Baraka kwa miguu, akaondoka mikono mitupu. Nilimfuata kwa macho mpaka mihogo ikamficha.

Siku tatu baada ya kufika nyumbani nilishindwa kuvumilia. Koko alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwambia ni mimi niliyepiga mluzi. Mikono yake haikusimama.

“Nilikusikia,” alisema.

Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza walipokuwa wanamnyang'anya yule mama vitu vyake.

“Ningesema, bangekushika wewe.”

Kisha akaendelea kuchambua, nami sikuthubutu kuuliza zaidi. Lakini kesho yake alifunga kuku miguu, akanichukua, tukaenda hospitali. Alizunguka akimuulizia mzazi kutoka Minembwe ambaye mama yake alikuja kwa miguu kupitia Ubwari. Muuguzi alituambia kwamba mama alifika, amevimba miguu, na kwamba wote watatu waliondoka jana yake. Koko alimshukuru. Tulirudi na kuku wetu, na koko hakukubali kuku yule achinjwe.

Sasa nimepita umri aliokuwa nao mama yangu wakati ule, na ninajua kwamba koko alikuwa sahihi kuhusu ziwa. Mawimbi marefu yanayofika bila upepo yanatoka mahali ambako upepo umekwisha kuanza. Hufika mbele yake kama barua. Aliyeyaita hayo kupumua kwa mwenye ziwa hakukosea jambo ambalo lingemzamisha mtu. Ningekuwa mwenye boti, ningemsikiliza. Lakini imani ile ile iliyompa masikio ya kusikia upepo ilimfanya aamini kwamba mjukuu wake ndiye aliyeuita, na kwa kuamini hivyo akamwacha mgeni abebe lawama. Alifanya hivyo kwa kunipenda. Sijui nimshukuru vipi, wala nimlaumu vipi. Yote mawili hukaa pamoja ndani yangu.

Kiangazi kilichopita nilikuwa bandarini Baraka, nikisubiri boti. Tangazo la upepo mkali lilikuwa limefika kwenye simu tangu jana yake, na mwenye boti alikuwa anatuchelewesha kwa sababu hiyo. Watu walichoka na jua. Karibu nami alisimama mjane kijana mwenye nguo nyeusi, aliyefika wa mwisho. Nilisikia mtu akisema kwamba tangu huyu afike, hali ya hewa imeharibika. Wawili watatu wakageuka kumtazama.

Nilisimama, mimi mtu mzima mwenye watoto. Nikasema kwa sauti, “Upepo ulitangazwa jana, yeye akiwa hajafika hapa. Upepo hauna mwenye kuuleta.”

Mama mmoja alisogeza gunia lake, mjane akapata pa kukaa. Nami nikakaa, nikiwaza kwamba yalikuwa maneno machache tu, na kwamba hata mtoto wa miaka tisa angeweza kuyasema.