Hakimu Debra Aliyengojea Mvua

Alizaliwa Waithaka mwaka 1951, mtoto wa mkulima, akabatizwa Debra. Wito wake haukuja kwa ndoto wala kwa sauti. Akiwa msichana alimwona mamake akipokonywa shamba na mashemeji, na hakimu anasinzia kitini kesi ikiendelea. Akaapa kwamba yeye hatasinzia. Alisoma sheria, akawa hakimu katikati ya jiji la Nairobi, na wallahi hakuna aliyewahi kumwona akifumba jicho.

Jaribu lake kubwa lilimfika mwaka 2004. Mjane Waceke wa Waithaka alimshtaki jirani yake Wachira, tajiri mwenye maduka Hurlingham. Mzee wa kanisa, eti! Waceke alidai Wachira amesogeza mpaka hata ukaimeza nyumba ya mjane, na Wachira akishinda, nyumba hiyo ingebomolewa. Mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa matoka, yale maua ambayo Wakikuyu hupanda kutenganisha mashamba, na anayeyaharibu hulaaniwa. Debra alikwenda kujionea. Matoka yalikuwa yamenyooka upande wa pili wa nyumba ya Waceke, kando ya ukuta, ila udongo wake ulikuwa laini mno. Hapo akashuku kwamba Wachira aliogopa laana, hakuthubutu kuyaua, akayahamisha. Na ukiyahamisha, vishina vyake vidogo, mfano wa vitunguu, hubaki ardhini, na mvua ikinyesha huchipuka pale pale pa zamani. "Kesi hii itangoja mvua," akatangaza.

Jamani, mvua nayo ikakataa! Aprili ikapita kavu. Mahakimu wenzake walimcheka, mkubwa wake akamwambia amalize mambo hayo upesi. Kisha simu ikalia nyumbani kwake, mtaa wa Jamhuri. "Madam, tunajua unakaa wapi. Toa hukumu, ama tukutembelee." Simu ikamponyoka Debra. Akaiokota. "Basi mnajua pa kunipata. Kesi inangoja mvua." Kila asubuhi alisali, akatazama mbingu, akaenda kazini na hofu yake.

Mvua ilinyesha Mei. Mahakama iliporudi Waithaka, machipukizi ya matoka yalikuwa yamejipanga katikati ya mahindi ya Wachira, mbali kabisa na nyumba ya mjane.

"Hayo ni magugu tu, madam," Wachira akasema.

"Basi ng'oa moja, mzee."

Wachira akainama. Watu wakasogea karibu. Mkono ukafika karibu na jani, ukaganda hapo. Akainuka mikono mitupu, jasho linamtiririka. Debra akamrudishia Waceke shamba lake.

Muda si mrefu alihamishiwa kituo cha mbali, asirudi tena katika mahakama za Nairobi. Alifariki Septemba 2009. Wapo wanaosema yale matoka yalikuwa muujiza, na wapo wanaosema ni kilimo tu. Mimi nasema muujiza ni mwanamke mwoga aliyekataa kuharakishwa. Ndugu zangu, tukiogopa, tuogope hivyo.

Siku ya mazishi Waceke alitupa udongo kaburini, akalia sana, kisha akapangusa mikono. "Wacha sasa nirudi nyumbani," akasema. Na nyumbani palikuwepo.