Mzaliwa wa Mwadui kwenye chai ya Waingereza

Jamani, leo nimewanyamazisha Waingereza!

Tumehamia Geita mwezi huu, mume wangu kapata kazi mgodini. Wenzake Waingereza wakatualika kwenye chai yao ya alasiri na mashindano ya maswali.

Maswali yote kriketi na wafalme wao! Sisi tunatafuna tu sandwichi za matango. (Ndiyo, matango.)

Meza yetu ikawa ya mwisho. Likabaki swali moja, la pointi kumi.

"Almasi ya rangi ya waridi aliyozawadiwa Malkia wa Uingereza ilichimbwa wapi?"

Mume wangu akaninong'oneza, "Mama Minza, si kwenu huko?"

Nikasimama. "Mwadui, Shinyanga! Nilikozaliwa mimi!"

Makofi ukumbi mzima! Pointi hizo kumi zikatupandisha kileleni, na zawadi ilikuwa buli la chai.

Buli la ushindi liko kabatini kwangu. Nani anakuja kunywa chai?