Kikohozi Changu na Meli ya Uokoaji

Majuzi niliona mtandaoni picha ya meli kuukuu ya jeshi, iliyojengwa kuokoa mabaharia wa nyambizi zinapozama. Ilikuwa ikisubiri kukatwakatwa iuzwe kama chuma chakavu. Niliitambua. Nilisoma historia yake yote mara nne, maana huwa siamini kama nimeelewa.

Nilipokuwa mdogo, alasiri moja, meli hiyo ilionyeshwa kwenye televisheni yetu kule Scarborough, ughaibuni tulikoishi. Mtangazaji alisema nyambizi moja imezama, na mabaharia wa meli wanasikiliza kama kuna mtu anayegonga chuma kule chini ya bahari. Mama alikuwa akikaanga pilipili, na moshi wake ulikuwa umejaa sebuleni.

“Kimya,” kaka yangu Idi alininong'oneza. “Ukikohoa tu, hawatasikia kitu.”

Nilibana pumzi mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikakohoa.

“Basi, umewaua,” Idi alisema huku akicheka.

Baadaye mtangazaji akasema hakuna sauti iliyosikika. Sikula. Mama alinigusa paji la uso, akauliza, “Unaumwa wapi, mwanangu?” Nilishindwa kumwambia kwamba nimeua watu.

Sasa najua kuwa meli ilipofika, maji yalikuwa yameshajaa ndani ya nyambizi, na hakukuwa na aliye hai wa kugonga. Hata hivyo nilimpigia Idi simu, nikamsimulia yote. Nilijiandaa kumsikia akicheka.

“Nilikuambia hivyo?” aliuliza. “Na umekaa nalo miaka yote hii? Nisamehe, mdogo wangu.”

Nilitaka kumwambia haidhuru, lakini ilikuwa imenidhuru.